Vinywa Kumi na Kimoja Mlangoni

Miaka ishirini na sita aliandika maelezo ya watuhumiwa katika kituo cha polisi, mingine tisa akafanya upelelezi wa kujitegemea, na kwa muda wote huo Manang Perpetua Sumagaysay, Manang kwa maana ya dada mkubwa, hakushindwa na kesi hata moja. Zile mbili zilizomshinda hazihesabiki, kwa sababu wakosaji walikufa kabla hajawafikia. Na ile ya tatu tuiache, maana mwizi alikuwa rafiki yake wa kwaya, na kwa miezi minne walikaa benchi moja wakila biskocho, mkate mkavu wa siagi, na kumlaani mwizi kwa sauti moja.

Kwa hiyo Jumatano ile, saa tatu asubuhi, alipoingia katika maabara ya meno ya Dok Mila pale Jaro, mjini Iloilo, hakuwa na wasiwasi. Alikuwa na njaa tu.

"Ninang," Dok Mila alimwita, akauchukua mkono wake na kuugusisha kwenye paji la uso. Manang Perpetua ndiye aliyemsimamia ubatizo, na ingawa Dok Mila sasa alikuwa na mvi na wafanyakazi kumi na wanne, mbele ya Ninang wake alirudi kuwa mtoto aliyevunja kikombe. "Nimekuita kwa jambo la aibu."

"Aibu za watu ndizo zilizonijengea nyumba, mwanangu. Lakini kama kuna kahawa na mkate wa pandesal, tuanze na hivyo."

Alizunguka meza ili akae, goti lake likagonga droo iliyochomoza kama ulimi.

"Aray! Hii nayo?"

"Samahani, Ninang. Jumapili tulikuwa na baraka ya jengo. Unajua tena, padre akija lazima kila mlango uwe wazi, kabati, droo, kila kitu, pembe yoyote isikose maji ya baraka. Baada ya hapo tukafunga. Hiyo moja ndiyo imekwama, haijarudi."

Manang Perpetua alilisugua goti, akaitazama droo kwa chuki, akamwagiza Dok Mila aeleze.

Maelezo yalikuwa mafupi. Maabara inachonga meno ya bandia. Ng'ambo, kisiwani Guimaras, kuna kliniki yao ndogo ambako wagonjwa hupigwa picha za ndani ya kinywa. Programu iliyoandikwa na msichana wa hapa maabara huzikusanya picha hizo kila saa na kuzisafirisha, zimefungwa kwa siri asizione mtu njiani, hadi kwenye seva iliyoko chumba cha nyuma. Kutoka hapo mashine huchonga. Kwa miaka miwili haikukosea. Tangu Jumapili mchana hakijafika kinywa hata kimoja. Wagonjwa kumi na mmoja wanakula uji.

"Hamkuweza kuzileta kwa mkono?"

"Jana tulimpa dereva wa pikipiki flashi. Akaitia mfukoni. Mke wake akaifua pamoja na suruali."

"Ikatakata?"

"Ninang, mimi silali, wewe unacheka." Dok Mila alisukuma karatasi moja mezani. Ilikuwa barua ya kumfukuza kazi Jonabel Gerochi, msichana aliyeiandika programu, kwa kosa la kuharibu makusudi usafirishaji wa faili za wagonjwa. Kila kitu kilishachapwa. Ilibaki sahihi. "Engineer wetu wa mitambo anasema ni yeye. Nimempa mpaka saa sita adhuhuri. Saa sita natia sahihi. Lakini moyo wangu unakataa, ndiyo maana nimekuita."

Manang Perpetua aliisoma mara mbili. Neno lililomchoma lilikuwa "makusudi." Mtu aliyefukuzwa kwa uzembe hupata kazi nyingine Iloilo. Aliyefukuzwa kwa makusudi hapati hata ya kukuna nazi.

"Mwite huyo msichana. Na huyo Engineer pia, na biskocho."

*

Jonabel alikuja na kompyuta yake kifuani kama mtoto mgonjwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, macho mekundu. Engineer Wilfredo Palmares, msimamizi wa mitambo, alikuja na kikombe kilichoandikwa cheo chake. Tangu ajengewe chumba kipya cha seva alikuwa akitembea kifua mbele, tumbo likifuata kwa adabu.

"Habari za asubuhi, Lola," alisema, akitabasamu kama anayemsalimu bibi yake. "Nimesikia unajua kompyuta. Bibi yangu naye alikuwa na moja. Aliifunika kitambaa."

"Alikuwa na akili, Toto. Vumbi ni baya. Keti."

Engineer, ambaye hakuwa ameitwa Toto tangu akiwa na kaptura, aliketi.

"Tatizo liko wapi?" Manang Perpetua aliuliza.

Engineer hakunyoosha kidole. Alichongoa midomo tu kumwelekea Jonabel, kama watu wanavyoonyesha mlango au jirani mbaya. "Pale. Seva yangu ni nzima, mpya, imebarikiwa. Programu yake ndiyo mbovu. Alinyimwa cheo mwezi uliopita, akakasirika, akaivuruga."

"Si kweli, Manang!" Jonabel alisema. "Sijaigusa programu tangu mwezi Machi!"

"Basi tuone," alisema Manang Perpetua, akavaa miwani. Aliitafuta kwanza kwenye mkoba, halafu chini ya meza, halafu Dok Mila akamtolea kichwani.

Kompyuta ya Jonabel iliungwa na ile ya kliniki kisiwani, hivyo kila walilofanya hapa lilifanyika kule. Manang Perpetua hakukimbilia programu. Polisi walimfundisha kwamba mtu akisema mgeni hakufika, unaanza na barabara, si na mgeni.

"Iulize seva kama ipo."

Jonabel aliandika mstari mmoja. Seva ikajibu mara nne, haraka, bila kusitasita.

"Barabara nzima. Sasa, tunajuaje aliyejibu ni seva yetu na si tapeli aliyevaa shati lake?"

Jonabel alishangaa, kisha akafungua daftari lake dogo. Ukurasa wa mwisho alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye herufi na tarakimu nyingi. "Hii ni alama ya kidole ya seva, Manang. Niliinakili siku tulipoisimika."

"Soma. Mimi nafuatisha kwenye skrini."

Walisoma herufi moja moja mpaka mwisho. Zililingana zote.

"Mnaona?" alisema Engineer. "Seva nzima."

"Seva ni yenyewe, Toto. Uzima hatujaupima. Ufunguo."

Hapo Jonabel alieleza, na sauti yake ikapata nguvu kidogo kwa sababu alikuwa akizungumzia kazi anayoijua. Programu haitumii neno la siri. Ina ufunguo wake, unaokaa kliniki na hautoki. Kwenye seva, kliniki imepewa nyumba yake, yaani folda yake, na ndani ya nyumba hiyo kumewekwa kitasa kinachoutambua ufunguo ule mmoja tu. Ufunguo ukigusa kitasa, mlango unafunguka, faili zinaingia.

"Kitasa kinakaa ndani ya nyumba hiyo hiyo ya kliniki?"

"Ndiyo, Manang."

Manang Perpetua alitafuna biskocho polepole. Waliupima ufunguo, ukatoa alama yake. Jonabel alikuwa na nakala ya kitasa kwenye daftari. Vilifanana kama mapacha. Wakausogeza ufunguo kwenye kitasa. Skrini ikaandika neno moja: *Umekataliwa.*

"Ufunguo sahihi, kitasa sahihi, mlango haufunguki," alisema Dok Mila. "Ninang, huu si uchawi?"

"Uchawi ungekuwa umeomba kuku. Nionyeshe programu."

Ndipo mambo yakaharibika. Manang Perpetua hakusoma kilichoandikwa ndani. Alitazama tarehe. Faili ya programu ilibadilishwa Ijumaa, siku mbili kabla ya hitilafu.

Engineer alijipiga paja kwa furaha. "Machi! Machi ya mwaka gani hiyo, Inday, binti yangu?"

Jonabel alifunika uso. Ilikuwa saa nne na nusu.

"Mtoto," alisema Manang Perpetua, safari hii bila mzaha, "mimi nina goti linaloniuma. Usinitembeze bure. Ijumaa ulifanya nini?"

"Niliongeza mistari sita." Sauti ilitoka kati ya vidole. "Zamani ikishindwa mara moja ilikuwa inakata tamaa. Nikaifundisha ijaribu tena mara tatu, ikipumzika katikati. Nilifanya bila ruhusa. Niliogopa kusema, maana kila mtu angesema ndiyo sababu."

"Na ndivyo nilivyosema!" alisema Engineer.

"Ndiyo sababu?" Dok Mila aliuliza, mkono ukienda kwenye kalamu.

"Sijui bado. Jonabel, ile ya zamani umeitupa?"

"Hapana, Manang. Huwa situpi."

"Mbarikiwe nyote msiotupa. Irudishe."

Programu ya mwezi Machi ikarudishwa mahali pake, ile ambayo ilikuwa ikifanya kazi bila kulalamika mpaka Ijumaa. Jonabel akaiamuru. Wote wanne walisogeza vichwa mpaka vikakaribia kugongana. Skrini ikaandika: *Umekataliwa.*

"Aha," alisema Manang Perpetua, na kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana kuridhika na chakula. "Mshitakiwa wako, Toto, alikuwa jela siku ya tukio. Programu ya zamani haina mistari sita, na bado inakataliwa mlangoni. Huyu msichana amesema uongo kwa woga. Lakini wizi si wake."

Dok Mila aliiweka kalamu chini. Hakuiweka mbali.

"Basi hatujui," alisema Engineer. "Saa sita inakuja."

"Jonabel, iambie programu iropoke. Iseme kila hatua, hata zisizo na maana."

Msichana akaongeza herufi tatu kwenye amri, na skrini ikajaa maneno. Manang Perpetua alisoma kwa midomo, kama alivyosoma maelezo ya mashahidi. Tumefika. Tumesalimiana. Tumekubaliana lugha ya siri. Nimetoa ufunguo. Halafu, kavu: umekataliwa.

"Seva haikusema kwa nini," Jonabel alinong'ona. "Huwa haisemi kamwe."

"Mlinzi mwenye akili hamwambii mtu wa nje kwa nini amemkataa. Akimwambia 'dirisha lako bovu,' mwizi atakuja na dirisha zima. Lakini mlinzi huyo huyo ana daftari, na humo anaandika kila kitu, maana bosi akiuliza lazima awe na la kujibu. Tumekaa mlangoni asubuhi nzima tukimuuliza mgeni. Twende tukasome daftari la mlinzi."

Engineer alisimama haraka kuliko tumbo lake lilivyozoea. "Daftari la seva nalisoma mimi peke yangu. Ni utaratibu."

"Vizuri. Limesemaje?"

Engineer alikisoma cheo kwenye kikombe chake.

"Tangu Jumapili hujalisoma?"

"Sikuona haja. Kosa lilikuwa limeshajulikana."

"Fungua, Engineer," alisema Dok Mila.

*

Chumba cha seva kilikuwa bado kinanukia mishumaa. Msalaba wa majani ya mnazi uliokauka ulikuwa umechomekwa juu ya mashine, na ukutani ilikaa skrini pana ambayo, kwa maneno ya Dok Mila, ndiyo iliyowaonyesha wageni wa Jumapili kazi nzuri za maabara. Engineer aliandika neno lake la siri akiwa amewapa mgongo.

"Mimi huku sijaingia tangu Jumamosi," alisema akiandika. "Jumapili sikugusa hata kitufe. Nilikuwa uani nageuza nguruwe wa karamu tangu alfajiri mpaka watu wanaondoka. Muulizeni yeyote."

"Hakuna aliyekuuliza, Toto," alisema Manang Perpetua kwa upole. "Lakini nimeandika."

Daftari la mlinzi likafunguka. Kulikuwa na mstari mmoja uliorudiwa mamia ya mara, kila saa mara kadhaa, tangu Jumapili. Jonabel aliusoma kwa sauti, akautafsiri njiani, na kadiri alivyosoma ndivyo mgongo wake ulivyonyooka:

"Ufunguo wa kliniki umekataliwa. Nyumba ya kliniki iko wazi, mtu yeyote anaweza kuandika ndani."

Akarudia. Kisha akapiga kelele, "Manang! Nyumba iko wazi!"

"Mimi sijaelewa," alisema Dok Mila. "Kama iko wazi si ndiyo wangeingia vizuri?"

Manang Perpetua alicheka mpaka akashika msalaba wa majani usianguke. "Mwanangu, kitasa kinakaa wapi? Ndani ya nyumba. Kama nyumba haina mlango, mpita njia yeyote anaweza kuingia, akang'oa kitasa, akaweka chake. Mlinzi amefika kazini, ameikuta nyumba wazi, akasema: kitasa hiki sikiamini tena, na ufunguo wowote unaokigusa siuamini. Wala hakukosea. Seva nzima kabisa, kama Engineer anavyosema. Kuna mtu aliifungulia dunia nyumba ya kliniki, akasahau kuifunga." Aligeuza kichwa kuelekea ofisini, ambako droo iliyokwama ilikuwa ikisubiri goti jingine. "Droo moja haijarudi."

"Funga!" Dok Mila alisema.

Jonabel alitazama kibodi ya seva, akamtazama Engineer, kisha, bila kungoja ruhusa, akaketi. Kwanza aliuliza nyumba ilibadilishwa lini. Seva ikajibu: Jumapili, saa nne na dakika arobaini na tatu asubuhi. Manang Perpetua akainakili. Kisha Jonabel akahakikisha kitasa ni kile kile kwa kukilinganisha na daftari lake, asije akafunga mlango na mwizi ndani. Kilikuwa kile kile. Akaandika amri moja fupi: nyumba hii aandike mwenyewe tu, mwingine yeyote asiandike. Akarudi kwenye kompyuta yake. Kidole kikasimama juu ya kitufe.

"Bonyeza, mtoto," alisema Manang Perpetua. "Isipofanya kazi tutasema ni mimi. Mimi ni mzee, nasamehewa."

Akabonyeza.

Tumefika. Tumesalimiana. Nimetoa ufunguo. *Karibu.*

Kinywa cha kwanza kikaingia. Kikaingia cha pili. Majina ya faili yakashuka kwenye skrini moja baada ya jingine, na Jonabel akawa anahesabu kwa sauti, na Dok Mila akahesabu naye, na kutoka chumba cha pili wachongaji wakaja mlangoni wakajiunga, hata wasiojua kinachohesabiwa. Walipofika kumi na moja paliinuka kelele ambayo padre angeisikia parokiani. Simu ikalia kutoka kisiwani: nesi wa kliniki alikuwa akilia na kucheka. Dakika chache baadaye mashine ya kuchonga ikaanza kuunguruma, na jino la kwanza, jeupe, la mtu aliyekula uji siku tatu, likaanza kutokeza.

Ilikuwa saa tano na robo. Jonabel alimkumbatia Manang Perpetua kwa nguvu hata miwani ikaruka, ikarudi kichwani.

*

"Hongera," alisema Engineer walipokuwa wamekaa tena ofisini, kahawa mpya mezani, barua bado pale. "Lakini swali langu linabaki. Nani alifungua? Anayeijua nyumba ya kliniki ni huyu. Amekiri uongo mmoja. Uongo hauzai mtoto mmoja, Dok."

Jonabel alirudi kuikumbatia kompyuta yake kifuani. Dok Mila aliitazama barua.

"Swali zuri," alisema Manang Perpetua. "Mila, una picha za Jumapili?"

Simu ya Dok Mila ilikuwa na picha mia mbili, nyingi za nguruwe. Manang Perpetua alizipitisha kwa kidole kimoja, akilamba makombo kwenye kingine. Akasimama kwenye moja. Ilipigwa chumba cha seva, saa nne na dakika arobaini na tatu. Padre alikuwa ameinua mkono, maji ya baraka yakiwa bado hewani. Pembeni yake Jonabel, katika gauni jeupe, ameshika mshumaa mrefu kwa mikono miwili. Nyuma yao, kwenye skrini pana, picha za meno ya wagonjwa kutoka nyumba ya kliniki, zimepangwa safu kwa safu.

"Mikono miwili kwenye mshumaa," alisema. "Labda aliandika kwa pua."

"Angeweza kuipangia kompyuta ifanye yenyewe," alisema Engineer. "Mimi sijui. Mimi nilikuwa uani."

"Kweli, kwenye picha hupo." Manang Perpetua aliisogeza simu karibu na miwani, kisha akaanza kucheka kidogo kidogo, mabega yakitikisika. "Masikini padre! Mila, umeona? Anayabariki meno yaliyo kichwa chini. Taya la juu limewekwa chini, la chini liko juu. Mbele ya wageni wote! Huyo aliyezipanga hizi picha, sijui wakati wa kula anaweka kijiko wapi."

"Kichwa chini wapi?" Engineer aliinuka, uso ukiwa mwekundu, akaipokonya simu. "Tazama vizuri, Lola! Nilizifungua na kuzipanga mimi mwenyewe, moja moja, dakika ile ile padre anaingia, taya la ju—"

Mashine ya kuchonga iliendelea kuunguruma chumba cha pili. Dok Mila aliichukua barua, akaichana mara mbili bila haraka, huku macho hayajamtoka Engineer.

Manang Perpetua alimsogezea sahani ya biskocho.

"Endelea, Toto," alisema. "Ulikuwa umefika taya la juu."